Kisu cha Kukunja Kwenye Barabara ya Majimbo

Sheria za njiani: sehemu ya tatu

Wiki iliyopita tuliishia kwenye bunduki. Nilieleza kwamba tangu mwaka 1986 sheria ya shirikisho ya Marekani inamlinda msafiri anayetoka na bunduki yake jimbo linaloiruhusu kwenda jingine linaloiruhusu, hata kama katikati atapita jimbo linaloikataza. Sharti ni kwamba isiwe na risasi na ifungiwe mahali ambapo hawezi kuifikia akiwa safarini. Makala ilipotoka, dereva wa lori aishiye Ohio akaniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Mimi bunduki sina wala siitaki. Nina kisu cha kukunja, nakatia kamba za mizigo na kufungulia maboksi. Hicho nacho kina ruhusa ya kupita?"

Marahaba. Hakina. Sheria ya 1986 ilizungumzia bunduki na kunyamaza kuhusu visu. Watetezi wa wenye visu wamepeleka bungeni Washington, mara kadhaa, muswada wa kuwapa ulinzi kama ule, na haujawa sheria. Kwa hiyo mwenye bastola aliyoifungia kwenye buti ana kifungu cha kumwonyesha askari. Mwenye kisu cha kumenyea machungwa hana. Nimeifundisha sheria miaka mingi na bado jambo hili hunichekesha, ingawa sidhani kama dereva wangu alicheka.

Serikali ya shirikisho yenyewe ina maneno machache juu ya visu. Mengi yanatokana na hofu ya miaka ya 1950, wakati magazeti na filamu za Marekani zilipojaa vijana wa magenge wakichomoa visu vya springi, vile vinavyofyatuka kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 1958 Congress ikapiga marufuku biashara ya visu hivyo kuvuka mpaka wa jimbo. Hata mwaka 2009 ilibidi sheria irekebishwe ili visu vya kawaida vya kukunja, ambavyo springi yake husaidia tu baada ya kidole kuanza kusukuma, visihesabiwe humo. Zaidi ya hapo kuna majengo ya serikali ya shirikisho: kisu cha mfukoni kinavumiliwa ikiwa ubapa wake, yaani chuma chenyewe bila mpini, haufiki inchi mbili na nusu. Yaliyobaki yameachiwa majimbo, nayo ni hamsini.

Tufuatane na dereva huyu basi, akitoka kwake kuelekea New York. Ohio imelegeza sana. Tangu 2021 kisu unachokificha mfukoni hakihesabiwi silaha mpaka ukitumie kama silaha, na mwaka uliofuata miji ikanyimwa mamlaka ya kujitungia sheria zake za visu. Anavuka mpaka na kuingia Pennsylvania, ambako marufuku ya visu vya springi iliondolewa Januari 2023. Mpaka hapo salama. Lakini Pennsylvania haikuifunga mikono miji yake. Akishusha mzigo Philadelphia atakuta sheria ya mji inayokataza kuwa mtaani na kisu chochote kinachoweza kutumika kama silaha, isipokuwa kiwe chombo cha kazi na mwenyewe awe kazini. Akiwa anakata kamba za mzigo, sawa. Akimaliza akaenda kununua chakula na kisu kikiwa mfukoni, hapo ndipo mabishano yanapoanza.

New Jersey inauliza swali jingine kabisa. Huko kisu cha springi ni kosa ikiwa huna sababu halali unayoweza kuieleza, na adhabu inaweza kufika miezi 18. Hata kisu cha kawaida kinaweza kukuponza kama mazingira uliyokutwa nacho hayaonyeshi matumizi halali. Urefu si hoja kubwa. Hoja ni wewe: uko wapi, saa ngapi, na unasema nini.

Halafu daraja la George Washington, na New York. Hapa nitakaa kidogo.

Kwa miongo mingi jimbo la New York lilikataza kitu lilichokiita kisu cha mvutano: kisu ambacho ubapa wake hutoka kwa uzito wake au kwa kurushwa mkono, kisha ukajifunga. Chanzo chake ni visu vya askari wa miavuli wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Lakini sheria iliandikwa kwa upana kiasi kwamba kisu chochote cha kukunja kinachojifunga kingeweza kuingia humo, mradi askari awe na kifundo chepesi cha mkono. Askari akiona kibanio cha kisu kimening'inia mfukoni, anakichukua na kukirusha. Kikifunguka, pingu. Mwaka 2013 mpishi mmoja alikamatwa hivyo katika stesheni ya Grand Central kwa kisu alichokitumia kazini. Askari alirusha mara kadhaa ndipo kikafunguka. Mwaka uliofuata gazeti la Village Voice lilikadiria kwamba kesi za namna hii zinaweza kuwa zimefika 60,000 katika miaka kumi. Waliokamatwa, kwa sehemu kubwa, walikuwa weusi na Walatino, watu wa kazi za mikono. Na visu hivyo vilikuwa vikiuzwa wazi madukani, kwenye rafu moja na nyundo na misumari.

Mpishi akaenda mahakamani. Mwaka 2019 jaji wa shirikisho alisema sheria ile haieleweki kiasi cha kumwezesha mtu kujua kama kisu chake ni halali: hawezi kujua ni askari gani atakayekirusha, wala mara ngapi. Mei mwaka huohuo gavana Andrew Cuomo, aliyekuwa ameukataa muswada kama huo mara mbili, alitia saini kuiondoa marufuku.

Msifurahi mapema. Mji wa New York una sheria yake, na hiyo ipo: ubapa wa inchi nne au zaidi hauruhusiwi hadharani, na kisu chochote, hata kifupi, hakitakiwi kuonekana nje ya nguo. Wapo waliosamehewa, kama anayekihitaji kwa kazi yake au anayekwenda kuvua samaki, lakini kujieleza ni mzigo wako. Kwa kifupi, New York inataka kisu kifichwe.

California inataka kinyume chake. Huko kisu kisichokunjwa ni lazima kiwe ndani ya ala, kiunoni, mahali pa wazi. Ukikifunika na shati umefanya kosa linaloweza kukupeleka gerezani. Basi unakivaa kiunoni kama sheria inavyotaka, unaingia Los Angeles, na unakuta mji unakataza kuvaa waziwazi kisu cha inchi tatu au zaidi. Jimbo linakwambia usifiche, mji unakwambia usionyeshe. Mwenyeji anajua kwamba njia ni kukiacha nyumbani. Mgeni atajulia wapi?

Texas nayo ina kichekesho chake. Jim Bowie, aliyefia Alamo mwaka 1836, ni shujaa wa jimbo hilo, na kisu kirefu kinachoitwa kwa jina lake kinajulikana dunia nzima. Kisu hichohicho kilikuwa haramu kubeba barabarani Texas hadi Septemba 2017. Sasa mtu mzima anaweza kutembea nacho, lakini chenye ubapa unaozidi inchi tano na nusu hakiingii shuleni, hospitalini, kanisani, kwenye baa wala kwenye kituo cha kupigia kura.

Linalonishughulisha zaidi ya inchi ni neno lenyewe: silaha. Ohio ilikiokoa kisu kwa kutamka kwamba si silaha. Agosti 2024 Mahakama Kuu ya Massachusetts ilikiokoa kisu cha springi kwa kutamka kwamba ni silaha, na kwa hiyo kinalindwa na Marekebisho ya Pili ya katiba, yaleyale yanayolinda bunduki. Jina lilelile linalomtia mtu hatiani New Jersey ndilo linalomtetea Massachusetts. Na bado Boston ina kanuni yake inayohesabu inchi mbili na nusu.

Sasa jibu la dereva. Kisu kitoke mfukoni, kikae kwenye sanduku la vifaa pamoja na kamba, glavu na gundi ya karatasi, sanduku lifungwe na liwe mbali na kiti. Hilo halikupi kinga niliyoitaja mwanzoni, lakini kisu kilicho kati ya kamba na glavu kinajieleza chenyewe kuliko kilicho mfukoni. Askari akiuliza kama una kisu, usidanganye. Akiuliza cha nini, sema kazi yake na unyamaze. Ndugu zetu wengi hudhani kusema "cha kujilinda" ni jibu la kistaarabu. Katika majimbo mengi umekiri kwa mdomo wako kwamba umebeba silaha. Na kwa wasio raia kuna jambo la ziada: fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Usiku mmoja mahabusu kwa ajili ya kisu cha maboksi utauandika humo na kuutafutia karatasi za mahakama.

Aliuliza pia kuhusu mkewe, ambaye hupenda kusafiri na kisu kidogo cha matunda kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye ndege za Marekani hakipiti, hata kiwe na urefu wa kidole. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama wa viwanja vya ndege ilitaka kuruhusu visu vidogo visivyozidi sentimita sita, wahudumu wa ndege wakapinga, na mpango ukafa kabla ya kuanza. Akiweke kwenye begi linaloingia chini, kifungwe vizuri kisimkate mpekuzi. Mkasi wenye makali yasiyofika inchi nne, kuanzia kwenye msumari wake, anaruhusiwa kukaa nao kitini.