Gari likishushwa, magurudumu nayo hubadili mkao

GARI dogo lililoshushwa hadi bampa ikakaribia lami si kioja tena mjini Machakos. Liwe Toyota Vitz, Mazda Demio au Honda Fit, mwenyewe huamini kwamba mbali na kupendeza, sasa litashika barabara kama gari la mashindano.

Imani hiyo ina ukweli kiasi. Uzito wa gari unapokuwa karibu na ardhi, gari halipinduki kwa urahisi, na uzito unaohamia magurudumu ya nje katika kona hupungua. Hata hivyo, kazi ya springi si kubeba bodi tu. Kimo chake ndicho kinachoamua jinsi magurudumu yanavyosimama barabarani. Anayepunguza kimo hicho bila kurekebisha mengine huwa amebadilisha namna gari linavyopinda, linavyofunga breki na linavyokula matairi.

Magari mengi madogo yanayoletwa nchini kutoka Japani hutumia, upande wa mbele, mfumo unaoitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Kampuni ya Ford iliutumia katika gari lake la Consul lililozinduliwa Uingereza mwaka wa 1950. Katika mfumo huo, springi na shokomzoba husimama pamoja juu ya gurudumu, na mkono mmoja wa chuma huunganisha upande wa chini wa gurudumu na fremu ya gari.

Gari likishushwa, mkono huo hubadili mlalo wake, na pembe mbili za gurudumu huathirika.

Ya kwanza ni ile mafundi wanayoiita kemba, yaani jinsi gurudumu linavyoegemea likitazamwa kutoka mbele. Kwa kawaida sehemu ya juu huinamia ndani. Kuinama kidogo husaidia katika kona, lakini kukizidi, tairi hukanyaga kwa ukingo wa ndani pekee. Ukingo huo huisha huku upande wa nje ukionekana mpya, na dereva asiyechungulia hugundua tairi likipasuka.

Ya pili ni tou, yaani iwapo ncha za mbele za magurudumu zinaelekeana au zinatazama pande tofauti. Kimo kikipungua, tairodi za usukani nazo hubadili mlalo na kuyageuza magurudumu ingawa dereva hajagusa usukani. Gurudumu lililopotoka kwa nusu digrii tu huburutwa kando karibu mita 9 katika kila kilomita. Katika safari ya kutoka Machakos hadi Nairobi, ya kilomita 60 na ushei, tairi hilo huwa limeburutwa zaidi ya nusu kilomita.

Alainimenti inaweza kurekebisha tou na, kwa boliti maalum, kemba. Lakini mashine hupima gari likiwa limetulia. Haiwezi kuondoa kasoro zinazojitokeza gari likiwa mwendoni.

Mojawapo ni usukani kujivuta kila gurudumu linapopanda tuta au kuingia shimoni, kwa sababu tairodi hazilali tena sambamba na mikono ya chini. Nyingine ni ile isiyotarajiwa na wengi: katika mfumo wa MacPherson, kitovu ambacho bodi hulalia katika kona hushuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo huongezeka, na gari linaweza kulala zaidi katika kona kuliko awali, isipokuwa springi ziwe ngumu zaidi.

Hatari kubwa zaidi ni nafasi ya springi kucheza. Barabara ya kutoka Machakos kuelekea Kangundo kupitia Mutituni hupanda vilima vya Iveti kwa kona nyingi. Gari lililoshushwa sana, likiwa na abiria wanne na mizigo, hukalia mipira ya kuzuia mtikisiko hata kabla ya kufika kwenye kona. Likikutana na shimo hapo, springi haina pa kwenda na tairi hupoteza mshiko ghafla. Ikiwa ni la mbele, gari hukataa kupinda na kuambaa moja kwa moja. Ikiwa ni la nyuma, mkia huponyoka.

Wanaokata springi kwa msumeno hujiongezea hatari. Springi ya mizunguko 6 inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, ilhali shokomzoba ni ileile ya zamani. Isitoshe, gurudumu likining'inia, springi fupi inaweza kuchomoka mahali pake. Kuipasha moto ili ishuke ni kubaya zaidi, maana chuma hupoteza ugumu wake.

Kanuni hiyohiyo huwahusu wenye Toyota Probox wanaoinua gari kwa vipande vya chuma ili libebe mizigo mizito. Kimo kikibadilika, juu au chini, pembe hubadilika.

Anayetaka kushusha gari bila kuhatarisha maisha atumie springi zilizoundwa kwa gari hilo, pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo, na asishushe zaidi ya sentimita 3 hivi. Bushi na boljointi zikaguliwe kwanza, kwa kuwa alainimenti juu ya bushi iliyochakaa ni pesa za bure. Alainimenti yenyewe ifanywe baada ya springi mpya kukaa sawa, na mwanga wa taa za mbele urekebishwe. Baada ya wiki chache, dereva apapase ukingo wa ndani wa kila tairi.

Kampuni ya bima nayo ifahamishwe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zidumishwe katika hali isiyohatarisha abiria wala watumiaji wengine wa barabara. Kwa hivyo, suala hili halimhusu mwenye gari pekee, bali pia mama anayetembea kando ya barabara na kondakta wa matatu inayokuja upande wa pili wa kona.