Funika Daftari, Kisha Jiulize

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani, nasi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuyafuatilia. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, wajifunze. Mashua ni "boat". Kwao mashua lilikuwa neno geni, kama "boat" lilivyo geni kwa mtoto wa Kilwa anayeiona mashua yenyewe kila alfajiri.

Wote walianza kwa kusoma orodha na kuulizwa, zamu kwa zamu. Tofauti ilikuja pale mtu alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Katika kundi moja neno hilo halikuulizwa tena, ila waliendelea kulisoma. Katika kundi jingine mambo yaligeuzwa: hawakulisoma tena, lakini kila zamu waliulizwa. Kikao kilipokwisha, makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Wakatakiwa kukadiria watakumbuka maneno mangapi baada ya wiki moja, nao wakasema kama nusu. Wiki ilipopita, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Walioendelea kusoma bila kuulizwa walikuwa na asilimia 36 tu.

Makadirio hayo ndiyo yanayonigusa zaidi. Waliokuwa njiani kusahau hawakuhisi chochote. Ukurasa unaousoma kwa mara ya tano huwa mwepesi, na wepesi ule tunaudhania kuwa ni kujua.

Kuna ugunduzi wa zamani zaidi unaokwenda sambamba na huo. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1975, watu walionyeshwa maneno moja moja, kwa haraka. Kwa baadhi ya maneno waliulizwa kama yameandikwa kwa herufi kubwa. Kwa mengine, kama yana kina kimoja na neno fulani. Kwa mengine tena, kama yanafaa kujaza pengo katika sentensi. Kisha, bila kutarajia, wakatakiwa kuyakumbuka. Yale waliyoyapima kwa maana yalikumbukwa vizuri kuliko yale waliyoyatazama herufi tu.

Sasa fikiria mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta jiografia na baiolojia zote ziko kwa Kiingereza. Anapambana kwa bidii. Anaandika "evaporation" mara 20 kwenye daftari, mistari imenyooka, mwandiko mzuri. Bidii hiyo naiheshimu kwa moyo wote. Lakini kazi anayoipa akili yake inafanana sana na lile swali la herufi kubwa. Kalamu inatembea, maana haijaguswa.

Na maana yenyewe haimalizwi na tafsiri ya neno moja. Mwingereza ana "rice" peke yake mahali ambapo sisi tuna mpunga shambani, mchele gunia­ni na wali sahanini. Nasi tunasema kupanda kwa mti, kwa mbegu, kwa basi na kwa bei. Kiingereza kina neno lake kwa kila kimoja. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "plant" ni kupanda, basi, siku moja ataandika kwamba bei ya sukari imefanya hivyo. Afadhali ajifunze neno likiwa ndani ya sentensi inayohusu maisha anayoyajua.

Hapa mtoto wetu ana akiba asiyoijua. Lugha yake imemzoeza kuona mzizi mmoja ukizaa ukoo mzima: andika, mwandishi, maandishi, mwandiko, andikia. Kiingereza nacho kina koo zake. Akijua kwamba "bi" hudokeza viwili na "cycle" ni duara au gurudumu, ataitazama baiskeli ya baba yake kwa jicho jipya, na "cycle" ya maji katika kitabu cha jiografia haitamtisha. Si kila neno hufumbuliwa hivyo, kwa hiyo kamusi ibaki karibu.

Muda nao una sehemu yake. Tangu mwaka 1885 imepimwa kwamba mengi tuliyojifunza hupotea mapema, hata ndani ya siku ya kwanza, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hudumu kuliko yaliyolundikwa usiku mmoja. Maneno matano leo, yaulizwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki ijayo. Haigharimu shilingi.

Tusiyatwike matokeo haya mzigo usio wao. Yale 40 ya orodha yalikuwa maneno yaliyosimama peke yake, wajifunzaji walikuwa watu wazima wa chuoni, na kipimo kilikuwa cha wiki moja. Kujiuliza hakumfanyi mtu azungumze kwa ufasaha. Hilo linataka kusoma sana na kusema bila woga. Jibu lisahihishwe papo hapo, kosa lisije likaota mizizi. Na mjadala wa lugha ya kufundishia haumalizwi na jaribio la maneno.

Hata hivyo faida ya kulijua neno kwa maana yake haiishii darasani. Chupa nyingi za viuatilifu zina maelezo ya Kiingereza, pamoja na siku ambazo mkulima anapaswa kusubiri baada ya kupulizia kabla ya kuvuna. Kijana wa nyumba ya mkulima huyo anayejua barabara maana ya "dilute" na "harvest" analinda afya ya watakaokula mboga zile.

Mama asiyejua Kiingereza naye anaweza kuwa mwalimu. Jioni, sufuria ikiwa jikoni, achukue daftari alifunike, amwambie mwanawe: nieleze kwa Kiswahili hilo neno la leo ni nini. Mtoto aanze kueleza maji yanavyopata joto, yakawa mvuke, yakapaa yakitoweka. Mama akiuliza, "Kama yale ya mashamba ya chumvi, maji yanapokauka chumvi ikabaki?" mtoto ajibu ndiyo, kisha alitaje neno lenyewe bila kuchungulia.