Maziwa Lala na Vita vya Bakteria

Leo nazungumza na akina mama na walezi kuhusu maziwa lala. Wengine mnayaita mala, Wakalenjin mursik, nao Wakisii amabere amaruranu.

Maziwa mabichi yakikaa kwenye joto huharibika upesi, lakini mala nzuri hukaa siku kadhaa. Sababu ni kwamba ndani yake mna bakteria wazuri. Hao hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, ndio ule uchachu unaousikia mdomoni. Bakteria wengi wabaya hawauwezi.

Lakini wana silaha nyingine. Baadhi yao hutengeneza vipande vidogo sana vya protini viitwavyo bakteriosini. Kinachojulikana zaidi ni nisini, na bakteria anayekitengeneza huitwa Lactococcus lactis. Watafiti waliona kazi yake huko Marekani mwaka wa 1928, na siku hizi viwanda hukitia katika jibini ili isiharibike.

Sasa kinauaje? Fikiria bakteria ni mfuko wa plastiki uliojaa maji. Nisini hujishikiza pale bakteria anapojengea ukuta wake, kisha hutoboa ngozi yake. Vilivyomo ndani vinavuja, naye anakufa. Hivyo ndivyo kinavyomwua Listeria, ambaye anaweza kumfanya mama mjamzito apoteze mimba.

Hapa mama, naomba unisikilize vizuri. E. coli na Salmonella wana ngozi ya ziada kwa nje, na nisini peke yake haiipenyi. Nao ni miongoni mwa wale wanaowaharisha watoto wetu. Tena nisini ni protini, kwa hivyo ikifika tumboni husagwa kama nyama. Kazi yake huifanya kwenye kibuyu, si tumboni mwa mtoto. Mala ni chakula kizuri sana, lakini anayekuuzia kama dawa ya kuhara anakudanganya.

Pia kuganda hakuui kila kiini. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kubaki hai katika mala ya maziwa mabichi. Kwa hivyo chemsha maziwa kwanza. Najua kuna mama atauliza, "Sista, si nitawaua na wale wazuri?" Naam, utawaua. Ndiyo sababu unayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, halafu unatia vijiko viwili vitatu vya mala nzuri, iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Funika, weka mahali penye joto kidogo hadi kesho yake. Kibuyu au chombo kioshwe kwa maji moto na kukaushwa kabisa, maana mabaki ya juzi yakioza mle ndani, mala yako imeharibika kabla haijaanza.

Mtoto ambaye hajafika miezi 6 asipewe mala wala uji, ni titi la mama tu.

Na mtoto akihara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji ya ORS, kisha mpeleke kliniki apate na zinki. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, usingoje kesho. Mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.