Mali bila Daftari: Kukusanya Vipande vya Msimbo kwa Kiswahili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inawahusu pia walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanaotengeneza tovuti na vifaa vidogo vya kielektroniki.

Kipande cha msimbo ni mistari michache ya maagizo ya kompyuta inayofanya kazi moja: kuonyesha saa kwenye ukurasa wa tovuti, au kuwasha taa iliyounganishwa na ubao wa Arduino. Hapa Kigali shughuli hizi si ngeni. kLab ilifunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya watunzi wa programu, na FabLab Rwanda ikafuata mwaka 2016 kwa wanaounda vifaa. Hata hivyo, wengi wetu hunakili vipande kutoka kwenye intaneti na kuvihifadhi bila maelezo. Baada ya miezi michache hatujui tena kipande kinafanya nini, wala kwa nini kinakataa kufanya kazi. Tutoe mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni ritifaa. Katika JavaScript na PHP, maandishi yanaweza kufungwa kwa alama moja ya kunukuu kila upande. Tukiandika 'ng'ombe', kompyuta hudhani neno limeishia kwenye ng, na sehemu inayobaki huwa kosa. Kinyarwanda nacho kina mtego huohuo: Repubulika y'u Rwanda. Dawa ni kufunga kwa alama mbili, "ng'ombe", au kutanguliza mkwaju wa nyuma: 'ng\'ombe'.

Mfano wa pili ni saa. Nairobi na Dar es Salaam ziko saa 3 mbele ya Greenwich, ilhali Kigali iko saa 2. Kipande kilichoandikwa Nairobi kwa kujumlisha 3 kitatupeleka mbele kwa saa nzima. Aidha, kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi huhesabu kuanzia mapambazuko. Hivyo tunahitaji kipande kama hiki:

// Hubadili saa ya kompyuta (0 hadi 23) kuwa saa ya Kiswahili.
// Saa ya kompyuta iwe tayari ni ya Kigali.
saa = (saaYaKompyuta + 6) % 12;
if (saa == 0) saa = 12;

Alama ya % hutoa baki baada ya kugawanya. Saa 7 ya kompyuta ikijumlishwa na 6 ni 13. Ukigawanya kwa 12, baki ni 1: saa moja. Lakini ni saa moja asubuhi au jioni? Na alfajiri huishia wapi? Hapo mtunzi wa programu anamhitaji mwanafunzi wa lugha.

Mistari inayoanza kwa // haisomwi na kompyuta. Ni ya binadamu, kwa hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo ni rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Mtafiti wa fasihi simulizi hurekodi jina la msimulizi, mahali na tarehe. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila kipande kiandikiwe mambo manne:

1. Kazi yake, kwa sentensi moja.
2. Kilikotoka, jina la mtunzi, na masharti ya kukitumia.
3. Tarehe kilipojaribiwa, na kifaa au programu iliyotumika.
4. Kinaposhindwa.

Jambo la nne ndilo husahaulika zaidi, nalo ndilo huokoa muda mwingi.

Kuna faida nyingine kwa idara ya lugha. Anayeandika maelezo hulazimika kuchagua istilahi: je, aseme kitanzi au mzunguko, kibadilika au kigeugeu? Daftari likijaa, tutaona ni maneno yapi yanaeleweka darasani na yapi yanahitaji kujadiliwa. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.

Tunawaalika wasomaji waanze na kipande kimoja tu, chenye maelezo yake kamili.