Neno "Shule" na Asili Yake

Liko neno moja lisilokauka vinywani mwetu, nalo ni shule. Hapa Fukayosi mama humwambia mwanawe, "Wahi shule". Ng'ambo ya bahari, Unguja, mwenziwe husema skuli. Maneno haya mawili ni ndugu, na yafaa tuijue asili yake, kwa maana ndani yake mna shauri kwa kila mzazi.

Neno letu la zamani ni chuo. Kwanza lilikuwa na maana ya kitabu, kisha likawa jina la mahali ambapo watoto hufundishwa Kurani. Hata leo mjuzi wa dini huitwa mwanachuoni, na elimu ya juu kabisa hupatikana katika chuo kikuu.

Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni Bagamoyo, wakawafundisha watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye walikuja Wadachi kutawala, na Bagamoyo ikawa makao makuu yao mpaka mwaka 1891. Wao husema Schule, nasi tukapata shule. Unguja, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu mwaka 1890, ililipokea neno lao school, ikapata skuli. Utawala wa Wadachi ulikwisha katika Vita Kuu ya kwanza, lakini neno lao limebaki mpaka leo.

Na Waingereza nao walilitoa wapi? Walilipata kwa Kilatini, schola, nacho Kilatini kilililipokea kutoka kwa Kiyunani, skhole. Maana yake ya kwanza yashangaza: ni nafasi, yaani wakati mtu asipofungwa na kazi. Wayunani waliitumia nafasi hiyo kuzungumza na wenye hekima. Ndipo mazungumzo yale yakaitwa kwa jina hilo, na mwisho mahali penyewe.

Walimu wafundishao Kiingereza na waangalie mambo mawili. Mwanafunzi aendaye kusoma huenda "to school". Mzazi aendaye kuonana na mwalimu huenda "to the school", kwa kuwa yeye ataka kufika mahali tu. Tena, Waingereza huliita kundi la samaki school, lakini hilo ni neno jingine, lililotoka Kiholanzi, wala halina udugu na la kwanza.

Basi turudi kwenye nafasi. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Hilo ni jema sana, lakini nafasi ya mtoto bado imo mikononi mwa wazazi. Wengi wetu ni wakulima na wafugaji. Mpunga ukianza kuiva, mtoto hutumwa kuamia ndege. Mahindi yakikomaa, hulinda ngedere. Na ng'ombe hutaka mchungaji kila siku. Jina lake lasomwa darasani, naye hayupo. Na msichana arudiye jioni akakuta ndoo, kuni na mdogo wa kubebwa, atafungua daftari saa ngapi?

Hatusemi mtoto asishike jembe, kwa kuwa kazi nayo ni mwalimu. Twasema tu kwamba kila kazi iwe na saa yake, na saa ya kusoma isiguswe. Sare na madaftari havitoshi: asiyempa mtoto nafasi hajampa shule.