Upozaji wa Injini na Hewa katika Gari la Mbio za Safari: Mfano wa Lancia 037

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Kwa injini ya gari la mashindano, kauli hii haina mashiko. Dawa ya moto wake ni hewa, maji na mafuta. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi joto linavyoondolewa katika injini inayoshindiliwa hewa, hasa gari linapokimbizwa nje ya lami. Mfano wetu ni Lancia 037, gari la Italia lililoshiriki mbio za Safari nchini Kenya katika mwongo wa 1980. Mnamo 1986, Markku Alén alimaliza wa tatu akiliendesha.

Chanzo cha Joto

Injini ya 037 ilikuwa na ujazo wa takriban lita 2, nayo ilikaa nyuma ya dereva. Iliongezewa supachaja, yaani mtambo wa kushindilia hewa unaozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Tabochaja, kwa upande wake, huzungushwa na moshi unaotoka, hivyo huchelewa kidogo kuitikia. Supachaja huitikia papo hapo dereva akanyagapo kichapuzi.

Hata hivyo, hakuna kizuri kisicho na gharama. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua kuwa pampu hupata moto. Tuchukue hewa yenye halijoto ya digrii 30 za Selsiasi, tuishindilie hadi shinikizo lake liwe mara 1.6 ya lile la awali. Hata mtambo ungekuwa mkamilifu, hewa ingefikia digrii 73 hivi. Kwa mtambo wenye ufanisi wa asilimia 60, itapita digrii 100.

Hewa ya moto ina madhara mawili. Kwanza, hupungua msongamano, hivyo oksijeni inayoingia kwenye silinda hupungua pia. Pili, mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia. Mlipuko huo hugonga pistoni na waweza kuitoboa kwa muda mfupi mno.

Kuipoza Hewa

Kati ya supachaja na silinda yaweza kuwekwa kipoza-hewa, ambacho hupozwa na upepo au maji. Kikiishusha hewa kutoka digrii 100 hadi 50, bila shinikizo kupotea, msongamano wake huongezeka kwa takriban asilimia 15. Mbinu nyingine ni kunyunyiza maji kwenye hewa inayoingia. Kilo moja ya maji igeukapo mvuke hufyonza takriban kilojuli 2,260. Ndiyo maana matone machache hufanya kazi kubwa.

Kuipoza Injini

Maji yanayosukumwa na pampu huchukua joto la silinda na kulipeleka kwenye rejeta. Hapa nyanda za juu za Kenya huleta mtihani. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka yakiwa na karibu digrii 94. Kwa hivyo kifuniko cha rejeta hubana shinikizo ili maji yasichemke upesi. Aidha, hewa ya huko ni nyepesi, hivyo kila mita ya ujazo inayopita kwenye rejeta huondoa joto kidogo zaidi.

Tope nalo huziba mapezi ya rejeta, hali gari likipambana na utelezi kwa mwendo mdogo huku injini ikifanya kazi nyingi. Wakati huo upepo wa mwendo hautoshi. Feni hulazimika kuuvuta. Katika mbio za jangwani, baadhi ya magari huwekewa rejeta nyuma, mbali na mawe na tope linalorushwa. Mafuta ya injini pia huwa na kipozeo chake, kwani yakipata moto kupita kiasi huwa mepesi na kushindwa kulinda vyuma.

Hitimisho

Maelezo haya yametubainishia tofauti ambayo wanafunzi wengi huipuuza: joto ni nishati inayohama, halijoto ni kipimo cha hali. Rejeta huondoa joto. Kipimajoto husoma halijoto. Atakayeyachanganya maneno haya hataweza kueleza kwa nini injini hufa. Mafundi wetu wa gereji walikwisha kutupa rejeta, pistoni, silinda na plagi. Ni jukumu letu, wanafunzi wa Kiswahili, kuyapokea maneno hayo na kuyatumia kwa usahihi, badala ya kulalamika kuwa lugha haitoshi.