Je, Wajua? Kishonanguo Kina Mbegu za Aina Mbili

Je, wajua kwamba vile vimiiba vyeusi unavyobandua kwenye pindo la suruali ukitoka shambani ni mbegu? Ni za kishonanguo, ambacho Wachewa hukiita chisoso. Mvua za Novemba zikishaanza, utakikuta Nsungwi, Lilongwe, na utakikuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kule Dowa: kando ya njia, katikati ya mahindi, nyuma ya vyoo.

Ni ndugu wa alizeti. Jamii yao ina spishi zaidi ya 20,000, na karibu zote zina siri moja: unachokiita ua ni mkusanyiko. Kile kitufe cha manjano cha kishonanguo ni vijiua vingi vilivyobanana, kila kimoja na mbegu yake. Mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000.

Weka mbegu moja kiganjani uitazame vizuri. Kichwani ina meno mawili au matatu, na kila jino limejaa vijimiiba vilivyoelekea nyuma. Likishazama kwenye uzi, ukilivuta vile vijimiiba vinashika. Kwa sababu ya meno hayo, mtaalamu wa mimea Linnaeus, mwaka 1753, aliuita mmea huu Bidens, yaani meno mawili kwa Kilatini. Kwao ni Amerika ya kitropiki, na umeenea duniani kwa kudandia nguo za watu na manyoya ya wanyama. Ndugu yake mwingine wa Ulaya alimng'ang'ania mbwa wa Mswisi George de Mestral mwaka 1941, na kutokana na hapo akabuni Velcro, ile inayofunga viatu vya watoto bila kamba.

Kinachonivutia mimi zaidi ni hiki: ua moja la kishonanguo huzaa mbegu ndefu katikati na fupi pembeni. Ndefu huota upesi zikipata unyevu. Fupi hulala ardhini zikingoja. Mvua ikidanganya na jua likaunguza miche ya kwanza, bado kuna akiba. Huko Namaqualand, nchi kame ya Afrika Kusini, kuna ua la rangi ya chungwa la jamii hii hii ambalo hufunika jangwa kila Agosti na Septemba mvua ikiwa njema. Nalo lina mbegu za aina mbili, hata jina lake la kisayansi, Dimorphotheca, limetokana na jambo hilo. Mkulima aliyewahi kupanda mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza ataielewa akili hii.

Tena kishonanguo ni mboga. Wamalawi hupika majani machanga kwa unga wa karanga, wakala na nsima. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 ipokee watu kama 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na mashamba ni haba. Mama aliyezoea sombe na lengalenga kule Kongo ana mboga ya bure mlangoni, halafu tunaipiga jembe kama takataka!

Basi msimu huu, kabla hujapalilia, chuma kwanza vile vichipukizi. Viwahi kabla ya kuchanua, maana vikishachanua huwa vichungu, na usichume karibu na choo wala palipopulizwa dawa.